Kusubu vichwa vya Minié kwa bunduki za kale za kijeshi: mwongozo kamili wa kupata shabaha

Risasi zinapotawanyika kwenye shabaha, mpigaji mgeni wa bunduki za karne ya 19 hulaumu kila kitu: jicho lake, kifyatulio kizito, baruti, umri wa mtutu. Mara nyingi kosa liko kwenye kile kipande cha gramu 32 kinachotoka mdomoni. Bunduki hizi zilikuwa na shabaha nzuri zilipotoka kiwandani, na ambazo mitutu yake haijaliwa na kutu bado zinayo. Zinachodai ni kichwa laini, chenye ukubwa unaoufaa mtutu huo mmoja ulio mkononi mwako, na chenye sehemu ya nyuma isiyo na dosari. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolidharau zaidi, na ndilo linaloamua.

Nitashika bunduki mbili tu, Springfield ya Marekani ya mwaka 1861 na Enfield ya Uingereza ya mwaka 1853, za asili au za kuigizwa. Ndizo zilizojaa kwenye mashindano ya North-South Skirmish Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1950, ambacho uwanja wake wa Fort Shenandoah uko karibu na Winchester, Virginia. Nawaandikia wasemaji wa Kiswahili walio Marekani na Ulaya wanaoingia kwenye mchezo huu na kukuta maelezo yote yako kwa lugha nyingine. Kipande kinachofyatuliwa nitakiita kichwa, na metali ya risasi inayoyeyushwa nitaiita madini, tusichanganyikiwe.

Kwanza sheria. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa silaha ya kale, lakini majimbo yana masharti yao. Ulizia la kwako. Kenya na Tanzania ni habari nyingine kabisa. Huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, hata kama ni za gobore la babu. Aliye huko asome kwa ajili ya elimu tu.

Kichwa hiki kinafanyaje kazi

Ukielewa sehemu hii, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni ina tatizo la asili. Ili kichwa kishike mifuo, yaani mikondo inayozunguka ndani ya mtutu, lazima kibane. Ili kiteremke upesi kwa mdeki, yaani ufito wa kushindilia, lazima kilegee. Kwa muda mrefu majeshi yalichagua kulegea, yakakubali kukosa shabaha. Mwaka 1849 afisa wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, alileta kichwa chembamba kuliko mtutu, chenye shimo kwa nyuma na kikombe kidogo cha chuma ndani ya shimo hilo. Baruti inapolipuka, kikombe kinasukumwa mbele na kuutanua ukuta wa nyuma hadi ujaze mifuo. Baadaye James Burton, aliyekuwa kwenye ghala la silaha la Harpers Ferry, alionyesha kwamba kikombe hakihitajiki: ukuta ukiwa mwembamba kiasi, gesi yenyewe inautanua. Jeshi la Marekani likaanza kutumia muundo huo mwaka 1855.

Ukuta huo mwembamba wa nyuma ndio tunaouita sketi. Kila kitu kinautegemea. Madini yakiwa magumu, sketi haitanuki, kichwa kinapita mtutuni bila kushika mifuo na kutoka kikibingirika. Sketi ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, inatanuka kwa upogo, na gesi inachomoka upande mmoja mapema kuliko mwingine pale kichwa kinapouacha mdomo wa mtutu. Msukumo huo wa upande ndio unaokitupa kichwa nje ya kundi la matundu kwenye shabaha. Ncha ya mbele inaweza kuwa na kovu dogo na kichwa kikaenda sawa tu. Kovu kama hilo kwenye ukingo wa sketi halisamehewi.

Mtutu wa Springfield una kipenyo cha inchi 0.58, karibu milimita 14.7, mifuo mitatu, na mzunguko mmoja kwa kila inchi 72. Enfield ni inchi 0.577, nayo ina mifuo mitatu, mzunguko mmoja kwa inchi 78. Ni mizunguko ya polepole sana, kwa hiyo kichwa kisiposhika mifuo barabara tangu mwanzo hakuna mahali pengine pa kupatia mzunguko wa kukituliza hewani. Kichwa cha jeshi kwa Springfield kilikuwa na uzito wa greni 500 hivi, na baruti nyeusi greni 60. Greni moja ni gramu 0.065.

Usalama, kabla ya kuwasha moto

Madini haya yana sumu. Kwenye joto tunalotumia mvuke wake ni mdogo sana. Hatari kubwa ni vumbi na mavi ya madini yanayoganda juu ya chungu, yanayofika kinywani kupitia mikono, sigara, kikombe cha chai. Kwa hiyo usile, usinywe wala usivute ukiwa kazini. Fanya kazi nje au chini ya kipaa kilicho wazi, upepo ukipita ubavuni mwako. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Watoto na mama wajawazito wasikaribie hata kidogo, kwa sababu ubongo wa mtoto ndio unaoumia kwanza. Mara moja kwa mwaka mwombe daktari akupime kiwango cha risasi kwenye damu.

Wasomaji wa pwani ya Kenya hawahitaji kufundishwa sumu hii inafanya nini. Wanaijua Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu hewa na maji ya watu, na Phyllis Omido aliyepigania haki yao akatunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kwa hiyo naliweka wazi: usiyeyushe betri za magari kamwe. Mbali na asidi na vumbi lake, vyuma vilivyochanganywa kwenye mabamba yake vinaweza kutoa gesi za sumu kali zikikutana na unyevu.

Adui wa pili ni maji. Tone likizama chini ya madini yaliyoyeyuka linageuka mvuke kwa ghafla na kupanuka zaidi ya mara elfu moja, na chungu kizima kinaweza kurushwa hewani. Jasho la paji la uso, upawa wenye umande, kipande cha bomba kuukuu chenye maji ndani, vyote vinatosha. Vaa miwani ya usalama pamoja na kinga ya uso, glavu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu, na buti ambazo suruali inazifunika kwa juu, ili madini yakidondoka yasiingie ndani ya kiatu. Nguo za nailoni ziache nyumbani, zinayeyukia mwilini.

Chumba cha kusubia na chumba cha baruti viwe mbalimbali. Hili halina mjadala.

Hatua ya 1: Pima mtutu wako

Usinunue kalibu, yaani kifaa cha kusubia vichwa, kabla ya kupima. Nambari 0.58 iliyo vitabuni ni ndoto ya kiwanda. Mitutu ya asili ilitengenezwa na wakandarasi wengi wakati wa vita, na baada ya miaka 160 ya kusafishwa na kutu, tofauti ni kubwa. Moja inaweza kuwa 0.577, nyingine 0.583.

Kipimo kizuri ni seti ya pini za chuma zinazopishana kwa sehemu moja ya elfu ya inchi. Hakikisha kwanza kwamba bunduki haina kitu ndani: tumbukiza mdeki hadi mwisho, weka alama kwa nje, kisha linganisha na urefu wa mtutu. Safisha mdomo, paka mafuta kidogo, kisha jaribu pini moja baada ya nyingine. Ile kubwa kuliko zote inayoingia kwa ulaini bila kulazimishwa ndiyo kipenyo cha matuta, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifuo. Iandike. Ijaribu pia ndani kidogo ya mdomo, maana mingi imeliwa na mdeki na kupanuka pale mwanzoni tu.

Kichwa unachokitaka kiwe pungufu ya kipimo hicho kwa elfu moja hadi elfu mbili za inchi, yaani milimita 0.025 hadi 0.05. Mtutu ukipima 0.580, tafuta kichwa cha 0.578 au 0.579. Kuna wanaoteremka hadi elfu nne au tano ili washindilie haraka, kama askari walivyofanya. Kwa vita ilifaa. Kwa shabaha, kila elfu unayoongeza unaiomba sketi itanuke zaidi, nayo haitanuki sawasawa kila mara.

Ndiyo nafasi pia ya kumpelekea bunduki fundi anayezijua za kale, akague kitako cha mtutu na tundu la fataki. Na bunduki hizi hupigwa kwa baruti nyeusi peke yake. Baruti ya kisasa isiyo na moshi itaipasua.

Hatua ya 2: Tafuta madini safi

Risasi safi ina ugumu wa 5 hivi kwa kipimo cha Brinell. Vipande vya kubalansi magurudumu ya gari hufika 9 hadi 12 kwa sababu vina antimoni, metali inayoyagumisha madini, na herufi za kuchapia magazeti ya zamani hupita 20. Kwa bunduki za kisasa ugumu huo una kazi yake. Kwa Minié ni sumu ya shabaha.

Vyanzo vizuri ni mabamba ya kuezekea, mabamba yaliyotolewa kwenye kuta za vyumba vya eksirei, na mabomba ya maji ya zamani ukikata maungio yake, kwa kuwa maungio yana lehemu ya bati. Maganda ya nyaya kuu za simu yanapendwa ila mara nyingi yana antimoni kidogo, yapime kwanza. Usipopata, nunua vipande vilivyothibitishwa kuwa safi. Kilo moja inatoa vichwa karibu 30, hivyo gharama si ya kuumiza.

Kupima ugumu nyumbani, tumia penseli za wachoraji. Chonga mbao, acha kaa likiwa limenyooka na ncha bapa, kisha lisukume kwenye uso wa madini kwa pembe ya nyuzi 45. Risasi safi inachimbwa hata na penseli laini ya 6B. Ikibidi ufike HB ndipo ichimbike, hayo si ya Minié. Kucha ya dole gumba nayo inasema mengi: kwenye madini safi inaacha mfereji unaoonekana.

Jihadhari na zinki. Inayeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, risasi kwenye 327. Unapoyeyusha vipande usivyovijua, weka joto chini ya 380. Zinki itaelea ikiwa nzima na utaiopoa. Ikishayeyuka na kuchanganyika, madini yanakuwa mazito kama uji na chungu chote kimeharibika.

Hatua ya 3: Yeyusha na usafishe

Madini ya takataka yasafishwe kwenye chungu kimoja, kusubu kufanyike kwenye chungu kingine. Chungu cha kwanza kiwe cha chuma cha kutupwa au chuma cha pua, kamwe kisiwe sufuria ya alumini, maana inalegea kwa joto na kumwaga mzigo wote. Na chombo kilichoguswa na madini haya hakirudi jikoni tena.

Panga vipande vikavu chungu kikiwa baridi, ndipo uwashe moto. Ukitaka kuongeza baada ya kuyeyuka, kipande kikae kwanza ukingoni mwa moto hadi unyevu wote utoke. Yakishayeyuka, tia kipande cha nta ya nyuki kama punje ya njugu, washa moshi wake kwa kiberiti kirefu usisambae, kisha koroga kwa kijiti kikavu ukikwangua kuta na sakafu ya chungu. Uchafu unapanda juu ukiwa kama majivu ya kahawia. Uondoe kwa kijiko chenye matundu, uutie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Rudia hadi uso ung'ae. Mimina vipande vidogo, viandike chanzo chake kwa kalamu ya rangi.

Mavi ya madini yasitupwe kwenye takataka za nyumbani. Kopo likijaa, lipeleke wanakopokea taka za sumu.

Hatua ya 4: Andaa kalibu

Kalibu ya Minié ina vipande vitatu: nusu mbili za mwili, na kiini kinachosimama katikati kwa chini ili kutengeneza shimo la nyuma. Madini yanaingia upande wa ncha, kupitia bamba la kukatia lililo juu. Kalibu za chuma kama Lyman 575213, inayotoa kichwa cha greni 500 hivi, hushika joto vizuri. Za alumini hupata moto haraka na kupoa haraka.

Angalia kiini kabla ya kitu kingine chochote. Funga kalibu tupu, ielekeze kwenye taa, uone kama kiini kimekaa katikati. Kisha kiguse kwa kidole: kinaruhusiwa kuzunguka, hakiruhusiwi kuyumba. Kiini kilichopinda kinatengeneza sketi yenye upande mnene, na hakuna ustadi wa kumimina utakaolirekebisha hilo. Kalibu ya namna hiyo irudishe dukani.

Osha mafuta ya kiwandani kwa sabuni na maji moto, kausha kabisa, pasha moto taratibu, acha ipoe, rudia. Mafuta yakibaki hata kama filamu tu, vichwa vya kwanza vitatoka na mikunjo. Wengine hupitisha moshi wa kiberiti ndani ili masizi yasaidie kichwa kudondoka. Mimi sipendi, kwa kuwa masizi yanapunguza kipenyo na hayakai sawa kila mahali.

Hatua ya 5: Kumimina

Hapa ndipo mkono unapojifunza, na hapana njia ya mkato.

Pasha madini hadi kati ya nyuzi 400 na 430. Risasi safi haitiririki vizuri kama iliyochanganywa na bati, ndiyo maana inataka joto zaidi. Tumia kipimajoto, kukisia kwa macho hakutoshi. Kalibu nayo ipate moto, ikiwa juu ya sahani ya umeme au ukingoni mwa chungu, pamoja na kiini chake. Kiini baridi ndicho chanzo cha sketi zenye mapengo.

Kwa vichwa vizito kiasi hiki napendelea upawa wenye mdomo kuliko chungu chenye bomba kwa chini. Chota upawa ukiwa umejaa, si robo wala nusu. Lalisha kalibu ubavu, ushikanishe mdomo wa upawa na tundu la bamba, kisha viinue vyote viwili kwa pamoja hadi vikae wima, upawa juu, kalibu chini. Uzito wa madini yaliyo kwenye upawa unasukuma hewa itoke na kuyapeleka hadi kwenye ukingo mwembamba wa sketi. Hesabu polepole hadi nne au tano. Tenganisha, ukiacha kidimbwi kinene juu ya bamba.

Kidimbwi hicho si upotevu. Madini yakiganda yanasinyaa, na kichwa cha greni 500 kinasinyaa kiasi cha kutosha kuacha tupu katikati yake. Kinaponywa na kidimbwi kilicho juu, kinachobaki kimiminika kwa sekunde chache zaidi. Kidimbwi kikiwa kidogo, tundu linabaki ndani ya ncha, na hutaliona kwa macho.

Tazama kidimbwi. Kitang'aa kama kioo, halafu uso wake utafifia kwa ghafla. Hapo umeganda, subiri tena sekunde tano hadi kumi. Ligonge bamba kwa kijiti cha mbao lizunguke na kukata. Fungua kalibu juu ya taulo nene lililokunjwa. Kichwa kikikataa kutoka, gonga bawaba ya mishikio, usigonge mwili wa kalibu. Kichwa kibichi ni laini kama jibini. Kikidondoka juu ya chuma au juu ya mwenzake, sketi inabonyea na kazi imekwisha.

Vile kumi au kumi na tano vya mwanzo virudi chunguni bila kutazamwa. Baada ya hapo shika mwendo mmoja. Ukisimama kuwasha sigara (ambayo hata hivyo hairuhusiwi) au kumjibu mtu simu, kalibu inapoa na vichwa viwili vitatu vinavyofuata vinakuwa tofauti. Wapigaji wazuri ninaowajua hawakagui kitu wakati wa kumimina. Wanamimina hadi chungu kikaribie nusu, ndipo wanakaa kukagua.

Soma vichwa vyenyewe. Mikunjo na kona za duara maana yake joto halitoshi, au kuna mafuta. Uso wa kijivu uliofifia kama umepakwa vumbi ni dalili ya joto kupita kiasi. Kwa risasi safi si kosa kubwa, punguza mwendo tu. Sketi yenye pengo: pasha kiini zaidi. Nyuzi nyembamba za madini kwenye mstari wa kati zinasema kalibu haijafunga, kuna punje ya madini imekwama kati ya nusu mbili.

Hatua ya 6: Kagua, pima, chagua

Vikishapoa, chukua kimoja kimoja, geuza nyuma, tazama shimo chini ya taa kali. Ukingo uwe kamili na mkali kuzunguka pande zote. Chenye pengo, kovu au mkunjo kwenye sketi kinarudi chunguni, hata kama kimebaki kizuri namna gani kwingineko. Usikionee huruma, madini hayapotei.

Vinavyopita vipime kwenye mizani ya kielektroniki inayosoma sehemu ya kumi ya greni. Vipange mezani kwa mistari kulingana na uzito. Utaona vingi vimejikusanya pamoja, tuseme kati ya 499 na 500.5, halafu mkia wa vichache upande wa chini. Vilivyo kwenye mkia vina matundu. Greni 2 zinazopungua ni sawa na tundu lenye upana wa karibu milimita 2.8 ndani ya kichwa, na tundu hilo halikai katikati. Kwa mashindano bakiza vinavyotofautiana kwa greni 1.5 kwa jumla. Vilivyo nje kidogo ya hapo ni vya mazoezi.

Kisha visawazishe. Kichwa kinasukumwa kwa mashine ya mkono kupitia pete ya chuma yenye kipenyo ulichokiamua kwenye hatua ya 1, ncha ikitangulia na msukumo ukiipata sketi kwa kipande bapa. Kalibu itoe kichwa kikubwa kidogo kuliko pete, elfu moja au mbili za inchi. Ikitoa kidogo kuliko pete, pete haina la kufanya. Ikitoa kikubwa mno, sketi inakunjamana. Pima kwa maikromita pande mbili zinazokingamana, usiridhike na upande mmoja.

Hatua ya 7: Mafuta

Baruti nyeusi huacha masizi magumu, na mafuta yaliyo kwenye mikanda ya kichwa, yaani mifereji inayokizunguka, ndiyo yanayoyalainisha ili risasi ya kumi ishindiliwe kama ya kwanza. Tumia nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, nusu kwa nusu kwa uzito, yeyusha ndani ya bakuli lililo juu ya maji moto. Wakati wa joto ongeza nta, wakati wa baridi ongeza shahamu. Grisi za magari na mafuta mengine ya petroli zikiungua pamoja na baruti nyeusi hutengeneza utando mgumu kama lami, ziache.

Shahamu hiyo ina historia nzito. Mwaka 1857 uvumi kwamba katriji za Enfield zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, ilhali askari alitakiwa kuzing'ata kwa meno kabla ya kushindilia, ulikuwa miongoni mwa cheche za uasi mkubwa wa askari wa Kihindu na Kiislamu nchini India. Anayejali halali na haramu basi atumie nta na mafuta ya mimea, yanafanya kazi.

Chovya kichwa hadi mkanda wa juu tu. Shimo la nyuma naliacha tupu. Wapo wanaolijaza mafuta, lakini sijaona namna ya kujaza kiasi kilekile kila mara, na mafuta yanayoyeyuka juani huteremkia kwenye baruti.

Hifadhi vichwa vikiwa vimesimama kwenye trei ya plastiki yenye vyumba vyake. Usitumie sanduku la mbao ya mwaloni: mbao hiyo hutoa asidi inayogeuza uso wa madini kuwa unga mweupe, nao ni sumu. Makumbusho mengi yamepoteza vitu vya risasi kwa njia hiyo.

Hatua ya 8: Jaribu, kisha vichimbue

Anzia yadi 50, ukiegemeza bunduki, risasi tano kwa kila shabaha. Kipimo cha jeshi cha greni 60 kwa kawaida ni kizito kwa kazi hii, na wapigaji wengi hushuka chini yake. Fuata mwongozo wa mtengenezaji wa baruti, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Kichwa kishuke kwa uzito wa mdeki na msukumo mdogo wa mkono. Kikianguka chenyewe hadi chini ni chembamba mno. Usiache nafasi kati yake na baruti.

Matundu marefu kama ya funguo kwenye karatasi yanaonyesha kichwa kinabingirika: ama madini ni magumu, ama kichwa ni chembamba. Kundi zuri lenye risasi moja inayoruka mbali kila mara, rudi kwenye sketi na mizani.

Uwanja ukiruhusu, chimbua vichwa kwenye tuta la udongo ukiwa na glavu. Pua itakuwa imebondeka, haijalishi; tafuta ubavu wa nyuma. Alama tatu pana za mifuo, zenye kina sawa na zinazofika hadi ukingoni, zinaonyesha sketi imetanuka ilivyotakiwa. Alama ikiwa nzito upande mmoja na hafifu upande wa pili, kagua kiini cha kalibu. Zikiwa hafifu pande zote, ongeza ukubwa kwa elfu moja, au upime upya ugumu wa madini. Na ukikuta sketi imefunguka kama ua, au imechanika, baruti imezidi nguvu ya ukuta huo: ipunguze greni tano, au tafuta kiini chembamba kidogo kinachoacha sketi nene zaidi, kisha uanze tena na risasi tano kwa yadi 50.